Tuta la kuzuia mafuriko, wenzangu wanataka bomba liwekewe koki

Wakuu habari zenu. Juu ya makazi yetu kuna korongo, mvua kubwa ikipiga maji yanashuka kwa kasi yanafagia mashamba. Tumekubaliana kujenga tuta la udongo, mita 4 hivi, chini kuwe na bomba la kutoa maji taratibu. Sasa wengine wanasema maji tukishayakamata ya nini kuyaachia, bomba liwe na koki tulifunge mifugo inywe kiangazi, na utoro wa maji (njia ya kupitishia maji yanayozidi bwawa likijaa) eti tutajenga baadaye hela ikipatikana. Mimi nasita. Mnanishauri nini?

mzee_wa_greda: Sita tu mkuu. Bwawa la mafuriko linatakiwa likae na nafasi, likijazwa na mvua za mwanzo ile kubwa ikija haikuti pa kukaa. Kama mifugo ina shida kweli, inueni mdomo wa bomba, maji ya chini yake yabaki ya kunywa, ya juu yatoke yenyewe muda wote. Koki msiweke, ikiwepo kuna mtu ataifunga tu 😂

Shepu_ya_Ardhi: Hilo la utoro baadaye ndo limenitisha. Maji yakipanda juu ya tuta la udongo yanalila kwa nyuma, linaweza kukatika ndani ya masaa machache na mtashusha wimbi baya kuliko la korongo lenyewe. Utoro uchimbwe pembeni kwenye ardhi ya asili, sio kwenye udongo wa kujaza, uwe mpana una nyasi, na kichwa cha tuta kiuzidi kama mita 1. Upana wake unategemea eneo linaloleta maji, hapo msikisie.

kadogoo: Chini ya tuta kuna nyumba?

Muuliza: Zipo. Udongo ni mfinyanzi mwekundu, unanata vizuri.

kadogoo: Basi hamuanzi bila injinia na kibali cha mamlaka ya maji. Sio utani.

mzee_wa_greda: Kunata peke yake haitoshi. Chukua kidonge kikavu cha huo udongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Wingu la tope likianza kusambaa huo unayeyuka, upeleke maabara kwanza. Ukiwa mzuri, ondoeni udongo wa juu wenye mizizi, chimbeni mtaro wa msingi mpaka kwenye ardhi isiyopitisha maji, halafu jazeni tabaka za sentimita 15 hadi 20, zikiwa na unyevu, mnashindilia kila moja. Kando ya bomba shindilieni kwa mikono bila kuchoka, maji yanapenda sana kupenya hapo. Mteremko upande wa maji 3 kwa 1, yaani mita 3 za kwenda mlalo kwa kila mita 1 ya kupanda, wa nyuma 2.5 kwa 1.

Muuliza: Asanteni sana. Na miti je, tukipanda juu ishike udongo?

Shepu_ya_Ardhi: Hapana aisee, nyasi tu. Mizizi ikioza inaacha vijia na maji yanapita humo humo. Mashimo ya panya nayo msiyaache.