Tupeane uzoefu: umefufuaje pikapu ya kale na chumvi hii ya kwetu Malindi?

Mtu wa Barani

Salaam aleikum wakuu. Nimeamua kulianzisha hili kwa sababu kila fundi nikimwendea anamcheka fundi mwenzake, sasa nataka kusikia waliofanya kwa mikono yao, si waliosikia kibarazani. Naanza mimi msije mkasema nawachimba.

Nina Peugeot 504 pikapu, ile ya gia ya usukani, nlinunua Gongoni kwa mzee mmoja aliyekuwa akibebea chumvi. Hebu fikirini wenyewe, gari limebeba chumvi miaka kumi na ngapi sijui. Injini safi, ukivuta choki mara moja inaitika, lakini ukiinua raba ya sakafuni unaona barabara. Nkasema haya, chuma ni chuma, tutachomelea. Fundi akakata sakafu yote akatia shiti ya geji 18, mudgadi tukaziba, fila (ile lipu ya kujazia mashimo ya bodi), msasa, redi oksaidi ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeupe kama ya mwanzo. Likatoka kama bibi harusi. Nkalipitisha kutoka Barani mpaka kule nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, sina shughuli yoyote huko, mradi nionekane tu.

Mwezi wa saba vipele. Vidogo kama tetekuwanga, kwanza chini ya milango halafu kwenye mudgadi. Nkatumbua kimoja kwa ukucha kikatoa maji, nkayaonja, msinicheke. Chumvi.

Ndo nkakaa nkafikiri, mbona tuliliosha gari kabla ya rangi? Tuliliosha ndiyo, kwa maji ya kisima. Na kisima chetu hata ukipikia chai hainyweki. Yaani nlitoa chumvi ya Gongoni nkatia chumvi ya nyumbani kisha nkaifunika na rangi ya elfu thelathini. Rangi unaiona ngumu lakini unyevu hupenya polepole, na chumvi iliyobaki chini inauvuta, ndo kipele hicho. Sa hivi nimerudi kwenye chuma kitupu naanza upya, naosha kwa maji ya mfereji yale ya Baricho, yakikatika nangoja, mvua ikinyesha natega ndoo. Na naosha kabla ya msasa na baada ya msasa, maana ukisugua chuma chenye chumvi unaizamisha tu kwenye vile vishimo vya kutu. Haya, semeni nyinyi.

Baharia Mstaafu

Aleikum salaam mwanangu. Pole. Mimi ni Land Rover Series III, pikapu fupi, injini ya petroli ya 2.25. Watu hukwambia nunua Land Rover bodi yake alumini haili kutu. Ni kweli na si kweli. Alumini yenyewe haishiki kutu nyekundu lakini ikigusana na chuma, na hewa ya bahari ipo kati yao, moja lazima imle mwenzake. Angalia pale bodi inapofungwa na boliti kwenye chuma, utaona unga mweupe kama sembe, ukiugusa bati lote linamomonyoka. Mimi kila boliti naitia shata (wosha) ya plastiki, na pale bati linapolalia chuma naweka ukanda wa raba ya tyubu ya baiskeli. Kazi ya kuchosha, nlikata tyubu mpaka mjukuu wangu akauliza babu unauza viatu?

Na chesisi ile, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma tu, nayo huoza kwa ndani, nje unaona rangi nzuri. Ukienda kununua chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Kiunzi cha mwisho nyuma pale pa kufungia trela ndo huanza.

Sasa niwape kichekesho. Watu wengi hupaka chesisi oili chafu ya injini na inasaidia, japo ni uchafu na inakudondokea. Mimi kwa ubaharia wangu nkasema kwani sisi majahazi tulipaka nini miaka yote? Sifa, mafuta ya papa. Mbao zakaa miaka. Nkatafuta dumu moja, nkapaka chesisi yote na ndani ya milango. Kutu kwa kweli sikuiona. Lakini paka wa mtaa wa Shella wote, nasema wote, walihamia chini ya gari langu, usiku wapigana juu ya boneti, na mke wangu alikataa kupanda gari mpaka Idi ikapita. Nimerudi kwenye oili.

Dereva wa Probox

Nyinyi wazee mwachoma pesa bure. Nunua Probox, hii Toyota ndogo ya kisasa, ukiamka unawasha unaenda kazini.

Baharia Mstaafu

Wewe kijana yako ikifika miaka arubaini uje tuzungumze.

Binti Muuza Samaki

Hamjambo. Mimi niko Watamu, na kabla mtu hajauliza, ndiyo ni mwanamke na ndiyo nashika spana mwenyewe. Gari ni Datsun 1200 pikapu ya marehemu baba, kwa hiyo sikununua, nliikuta imekaa chini ya mwembe miaka sita na kuku wametaga kwenye siti.

Baba alikuwa akibeba samaki kutoka bandarini, na mtu akibeba samaki habebi samaki tu, abeba barafu. Barafu ikiyeyuka yatoka maji yenye chumvi na damu yanaingia kwenye mikunjo ya trei, pale nyuma pa kubebea mzigo, bati linapokunjwa juu ya bati, hapaoshwi wala hapakauki. Nlipofungua ile mikunjo kwa patasi nlikuta magamba ya changu yamegandana na kutu tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Nlikaa nayo mkononi kidogo. Halafu nkaendelea kuchokoa, maana ukichomelea shiti mpya juu ya mkunjo uliooza umefunga ugonjwa ndani.

Kwa vitu vidogo, bawaba, vitasa, mabano, boliti, njia yangu ni magadi na chaja ya betri. Pipa la plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Kitu chenye kutu unakifunga waya mweusi wa hasi, chuma kingine cha kutupa, nondo hivi, unakifunga waya mwekundu wa chanya, vyote viwe majini LAKINI visigusane. Washa chaja. Utaona mapovu, kutu inalegea, kesho yake unasugua kwa brashi inatoka matope meusi. Ukigeuza waya ndo umekila kitu chako badala ya kukiponya, mimi nliharibu bawaba mbili kwa haraka zangu. Fanyia nje, yale mapovu ni gesi inayolipuka, msije na sigara. Msitumie chuma cha sinki au sufuria kile kisichoshika kutu, maji yanakuwa sumu. Na kabureta wala kitu chochote cha alumini kisiingie humo, magadi yatakila. Kikitoka suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, kausha kwa jua hapo hapo, paka praima siku ile ile, maana kwa hewa yetu ukikiacha usiku mmoja asubuhi kimevaa kutu tena.

Visivyo haraka natia kwenye maji ya ukwaju mazito, siku mbili tatu. Ni mchezo wa bibi yangu wa kusafishia shaba, lakini kutu nyepesi inatoka.

Mtu wa Barani

Bi mkubwa hapo kwa magadi umenifungua macho. Kichwa cha injini ya Datsun hiyo kikoje, kiliwahi kufunguliwa?

Binti Muuza Samaki

Sijakifungua. Nliona silinda zikiwa kavu nkamimina oili kidogo pale pa plagi, nkaacha siku tatu, nkazungusha injini kwa mkono kwa spana kabla sijagusa stata. Ilizunguka. Gari lililokaa msiliwashe kwa pupa, ringi za pistoni zikiwa zimeganda zitavunjika.

Kijana wa Muyeye

mimi nataka kusema breki tu coz karibu niwaache. hilux ya buda, alipoanza kuniachia niendeshe nkaipeleka kwa fundi mmoja (jina naliacha) nkamwambia mafuta ya breki yamepungua, akaniongezea mafuta gani sijui, nadhani ni ya hidroliki, akasema mafuta ni mafuta. wiki ya kwanza poa. wiki ya pili breki zikawa zinashika zenyewe hazirudi, ngoma ya mbele ukiiweka mkono unaungua na kuna harufu. mimi nkadhani ni kiatu kimekwama. siku ya siku nateremka kwenda daraja la sabaki nimebeba saruji mifuko ishirini pedali ikazama mpaka chini!! nkashusha gia ya tatu, ya pili, gari linalia kama mbuzi, nkaliingiza kwenye mchanga kando ya barabara likazama hapo. nlitetemeka miguu nkashindwa kushuka

walipofungua masta, ile pampu kuu ya breki, raba zote zimevimba kama maandazi. raba za breki hazitaki mafuta yoyote yanayotokana na petroli, kwa hiyo ilibidi raba ZOTE zitolewe, masta na magurudumu manne, paipu zikasafishwa kwa spiriti. na hata mafuta sahihi ya breki yananyonya unyevu, huku kwetu mimi sasa nabadilisha kila miaka miwili nafungua chupa mpya, ile iliyokaa wazi dukani sitaki

Mwamu wa Mokowe

Masalkheri. Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), gari langu lalala Mokowe bara nami nalala ng'ambo kisiwani, kwa hivyo kila nikitaka kufunga nati moya ni mashua kwanda. Usinionee huruma, nimezoea.

Yangu pia Hilux, ya miaka ya 70. Trei ya bati ilikuwa haiponyeki, sikuwa na pesa ya kutengeza nyingine, nkamwita fundi wa majahazi aje aitazame. Akaizunguka mara mbili hajasema kitu, akapima kwa kamba. Akaniambia hichi ni chombo tu, tofauti chatembea kwa magurudumu. Katia sakafu ya mbambakofi, mbavu za kando, na alipofika mlango wa nyuma akachonga nakshi ndogo sikumwomba. Sasa watu wa mji wa Hindi, huku kwetu Lamu, wakiniona wanitaka niuze mlango peke yake.

Sasa funzo. Mara ya kwanza mbao zilifungwa zimebanana barabara kama meli, na mbao zikabanwa hazipumui, masika zikavimba zikavunja boliti mbili. Jahazi litakiwa lisivuje, gari litakiwa livuje. Mkiweka mbao acheni upenyo wa kidole kidogo kati ya ubao na ubao, na ubao usilale moja kwa moja juu ya chesisi, weka ukanda chini yake, vinginevyo ubao wafyonza maji waishikilia chesisi kama kitambaa cha majimaji. Boliti ziwe zilizochovywa kwenye zinki, za kawaida ndani ya mbao hii hazimalizi mwaka.

Baharia Mstaafu

"Gari litakiwa livuje." Hii naiandika ukutani gereji.

Karani wa Maweni

Nimesoma yote, mafundi mko wengi ila hakuna aliyetaja makaratasi. Mimi gari zuri nililopoteza si kwa kutu. Nlinunua kwa mtoto mmoja wa marehemu, logibuku (hati ya umiliki wa gari) ipo, bei nzuri, nkatia pesa mwaka mzima. Lilipomaliza kung'ara wakatokea ndugu wawili, mmoja kutoka Mombasa, wakasema gari la baba yetu halijagawanywa. Na walikuwa na haki. Gari la marehemu hulinunui kwa mtoto anayeendesha, unanunua baada ya mirathi kupita kwa Kadhi au mahakama nyingine inayohusika, na warithi wote wamekubali kwa maandishi.

La pili, soma namba ya chesisi kwa macho yako ulinganishe na logibuku kabla ya shilingi kutoka. Na ukishanunua mwambie fundi wako wa bodi pale palipochapwa namba HAPAGUSWI na grainda. Rafiki yangu fundi alisaga akapaka rangi safi kabisa, namba ikaenda. Ukaguzi mpaka leo wamzungusha.

Dereva wa Probox

Haya nimekaa kimya nasoma. Swali tu, si kwamba nataka. Ukienda kutazama moja utajuaje kama imejazwa fila?

Mtu wa Barani

Hahaa karibu. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa usikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango, mudgadi na kona za mlango wa nyuma. Inaposhika kidogo au inaanguka, hapo ni fila. Kwa Land Rover usijaribu, alumini haishiki kabisa utamtukana mzee wa watu bure.

Na rangi jamani, msipige asubuhi mapema wala siku ya mawingu ya masika, unyevu unafanya rangi inapauka kama imemwagiwa maziwa. Mimi nangoja jua lipande kidogo, namwaga maji sakafuni kuzuia vumbi, na kaskazi ikivuma nafunga turubai upande ule. Yangu naipiga upya mwezi ujao inshallah, nitaleta picha, vipele au bila vipele.

Binti Muuza Samaki

Inshallah. Kabla sijasahau, nani ana kitasa cha nje cha mlango wa kulia cha Datsun 1200? Nimezunguka mpaka Kilifi.

Kijana wa Muyeye

mimi ninacho! nakutafutia.. ah. cha kushoto

Karani wa Maweni

Ninavyo viwili hapa dukani, vya kushoto.

Binti Muuza Samaki

Vya kushoto hata mimi ninavyo vitatu. Cha dereva ndo huisha, cha abiria nani alikuwa akikifungua, wote walikuwa wanapanda nyuma.