Kanifunikia gari nikiwa nimechuchumaa NALITAZAMA! Hawa wauza magari wa Pune, India, wametumwa na nani?

Wakuu, niko ndani ya riksho, sijafika hata nyumbani. Nikisema nisubiri hasira zishuke ndiyo niandike, sitaandika milele. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na nyuzi nyingine za magari. Huu ni wangu na una damu.

Yule meneja. Nyie mnaokaa Pune mnamjua, simtaji. Yule mwenye saa nzito mpaka bega moja limeshuka, anayekuita "bosi" mpaka akutazame viatu. Leo kanifunikia gari nikiwa nalitazama.

Wenyewe ndio walionitumia ujumbe: njoo ulione kabla ya uzinduzi, wateja wachache tu. Hela ya kushika nafasi walishaichukua, tena kimya kimya, kabla kampuni haijafungua oda. Mnaujua mchezo wao huo. Nikaomba ruhusa kazini. Nimefika, nikavua hadi mkoba ili zipu isikwangue rangi. Sikugusa kitu. Nikachuchumaa nyuma, goti kwenye vigae, tochi ya simu inawaka, natafuta jambo moja tu: sapenshen ya nyuma kila tairi linajitegemea au ni ekseli moja iliyonyooka? Maana tumebishana humu hadi tukatukaniana wazazi, kwa picha za kuvizia za gari lililobandikwa mistari kuanzia bampa hadi bampa ili lisitambulike, mtu anakuza picha ya barabara ya Mumbai–Pune mpaka simu inapata homa. Na mimi leo nipo chini ya gari lenyewe! Naona mkono wa chuma, mweusi, mpya kabisa, boliti yake ina ile alama ya rangi ya njano ya fundi wa kiwandani. Ilibaki nisogeze kichwa kidogo nione upande wa pili. Kidogo tu!

Pwaa. Kitambaa chekundu cha satini, juu ya gari na juu ya kichwa changu. Nimebaki humo ndani kama mwali, tochi inawaka, nasikia sauti yake huko juu: "Mengine kaangalie YouTube."

YouTube!

Na alifunika nusu ya nyuma tu, upande wangu. Mbele kulikuwa na familia inapiga picha na taa, wao waliachwa. Nyie mnaoishi huku mnajua nasema nini.

Mtu asiyejua India ataona nakuza jambo. Huku gari jipya ni sikukuu. Mahindra walipofungua oda za Scorpio-N tarehe 30 Julai 2022, oda laki moja ziliingia ndani ya nusu saa. Thar Roxx, ya hao hao, tarehe 3 Oktoba 2024, oda 176,218 kwa saa moja. Watu wa huku wamezoea kusubiri mpaka wanazeeka. Suzuki Jimny mpya dunia iliipata 2018. 2021 wakaanza kuiunda hapa hapa India kwa ajili ya kuuza nje, wenyewe wanaiona ikipita kwenda bandarini, hadi Juni 2023 ndipo wakauziwa ya milango mitano. Ikaja e Vitara, Suzuki ya umeme, Waziri Mkuu Modi mwenyewe kaizindua kiwandani Hansalpur tarehe 26 Agosti 2025, za Ulaya zikapanda meli, wa hapa wakaambiwa vuteni subira. Binadamu anayesubiri namna hiyo, siku amepata dakika mbili za kuliona gari, unamfunika shuka? UNAMFUNIKA?

Nilikuwa nimechuchumaa, wakuu. Hata mwizi huwa anaachwa asimame.

Mpiga Debe Mbagala: Mkuu hujataja gari, hujataja kampuni, hujataja bei. Uzi wenyewe umefunikwa satini.

Mleta uzi: Wanaojua wanajua.

Binti Tandale: Nimesoma hapo kwenye mwali nimemwaga chai kwenye kibodi ya ofisi. Kaka, ulitolewa lini ndani? Tulete kanga?

Mleta uzi: Dada, cheka, lakini lile jibu nililikosa kwa upana wa kiganja. Boliti niliiona. Ilikuwa upande wa pili tu.

Kaka wa Thika: Boss, wewe angalau umefunikwa na gari mpya. Sisi Kenya ikishapita miaka minane haiingii, kwa hivyo tunakimbizana na ya miaka saba kutoka Japani, mnada unapanda, unalipa ushuru hadi unauliza kama umenunua gari ama shamba. Hata kitambaa hatujawahi kuona.

Mzawa wa Bengaluru: Hiyo ya kufunikwa ni ndogo. Tuongelee bei ya shorumu na bei ya barabarani. Unaona tangazo linasema laki 15 za rupia, unapiga vigelegele. Ukifika mezani, Karnataka inataka kodi ya barabara asilimia 17, ikizidi laki 20 ni 18. Bado bima yao, bado mazulia ya miguuni, bado plastiki za mlangoni, na ukikataa hivyo vikorokoro gari lako linachelewa kufika, eti meli imekwama. Meli gani? Gari limeundwa Chennai!

Mleta uzi: Pole, lakini wewe ulikaa mezani. Mimi nilikuwa sakafuni.

Shemeji wa Nagpur: @Mzawa wa Bengaluru afadhali yako. Mimi nililipia kagari kadogo Agosti 2025, tarehe 22 Septemba kodi ya mauzo (GST) ya magari madogo ikashushwa hadi asilimia 18. Jirani kachukua lile lile, rangi ile ile, kwa bei ya chini, na kila asubuhi ananisalimia kwa furaha. Nimehama sehemu ya kuegesha.

Duster Damu: Mnahangaika na vitu visivyo na jina. Gari la kusubiriwa lilikuwa Duster ya Renault. Iliingia India 2012, ikafungua njia kwa hawa wote, ikaondolewa 2022, kisha pazia likafunguliwa 26 Januari 2026. Nilimwambia mke wangu siku hiyo asinitume sokoni.

Sierra ya Babu: Duster si gari, ni kabati. Sierra ya Tata ilirudi 25 Novemba 2025. Ile ya 1991 ilikuwa na vioo vya nyuma vinavyopinda hadi kwenye paa, milango mitatu, mtoto akikaa nyuma anaona mbingu. Walianza kuturingishia na gari la maonyesho tangu 2020, miaka mitano watu tulimeza mate.

Duster Damu: Kabati lililowapeleka watu Ladakh, milimani kabisa, na kuwarudisha. Hiyo ya mbingu ilifika wapi?

Mdau wa Manipal: Na sisi wapenda mbio je? Golf GTI ya Volkswagen ilikuja Mei 2025, laki 53, kwa sababu inaletwa nzima kutoka nje na ushuru wake unazidi bei ya nyumba ya bibi yangu. Octavia RS, Skoda wakaleta mia moja tu kwa nchi nzima. Mia moja! Harusi moja ya Kihindi ina wageni zaidi ya hao.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye mada. Alinifunika. Mimi. Kichwani.

Mpiga Debe Mbagala: Mkuu tumekusikia, kunywa maji. @Mdau wa Manipal, hiyo RS ni giaboksi ya mkono au otomatiki?

Mdau wa Manipal: Otomatiki. Usinikumbushe.

Fundi Gerezani: Samahani wakuu, kwa kuwa mko India. Nina mteja ana Toyota Starlet hizi mpya, zinatoka huko. Naambiwa ndani ni Suzuki Baleno. Nikiagiza plagi na filta za Baleno zitaingia?

Shemeji wa Nagpur: Bodi ni ya Baleno, taa na milango hutapata shida. Injini angalia vizuri. Baleno ya hapa ni lita 1.2, kwa sababu petroli isiyozidi 1,200 kwenye gari lisilozidi mita nne inalipa kodi ndogo. Za Afrika zinatoka na 1.5, na za mwanzo zilikuwa 1.4.

Fundi Gerezani: Kumbe. Injini ya hii imeandikwa K15B.

Shemeji wa Nagpur: Basi achana na za Baleno ya hapa. Tafuta za Suzuki Ciaz au Ertiga ya 1.5 yenye K15B hiyo hiyo, tuma na namba ya chasisi.

Fundi Gerezani: Ahsante sana shemeji. Na kioo cha pembeni kulia, bei gani huko?