Wakuu, dijei anunue plelisti iliyopangwa tayari au akomae apange mwenyewe?

Dogo wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mi ni dijei mchanga, nilianza kwa kubeba spika za blaza mmoja mwenye mziki wa kukodisha, miaka miwili nabeba spika na kukunja nyaya mpaka akaanza kuniachia mashine wakati watu wanakula. Sasa nimejichanga nimenunua kontrola yangu ya mtumba, laptop ninayo, na wiki tatu zijazo nina send-off yangu ya kwanza peke yangu, sio ile ya kuachiwa wakati wa ubwabwa.

Tatizo ni nyimbo. Ninazo kama 600 hivi, nyingi nimeshusha YouTube. Kuna jamaa Kariakoo anauza hard disk ya tera moja kwa shilingi laki na nusu, nyimbo zimepangwa kabisa kwa folda, kuingia ukumbini, keki, shampeni, zawadi, wazazi, kufungua mziki, kufunga ukumbi, yani kila kitu kimefuatana we kazi yako kubonyeza tu. Mwingine yuko WhatsApp anauza plelisti mpya kila wiki elfu tano. Blaza anasema dijei anayenunua plelisti ni sawa na mpishi anayeenda kununua pilau hotelini akaja kuipakulia kwenye sufuria lake. Lakini nikiangalia wiki tatu zenyewe na jinsi ya kukaa kusikiliza wimbo mmoja mmoja naona kama sitoboi. Ninunue au nikomae?

Mzee wa Volyumu
Nunua dogo acha kujitesa. Mteja hajui umepanga wewe au kapanga nani, anachojua mziki umelia au haujalia. Hao wanaokwambia komaa wote walianza na flashi za kupewa leo wanajifanya walizaliwa na makreti ya santuri.

Fundi Sauti
Mzee wa Volyumu hapo umeongea kama muuza diski mwenyewe 😂

Dogo ngoja nikupe yaliyonikuta mimi, miaka kadhaa nyuma nilinunua diski ya namna hiyo hiyo, folda zimeandikwa kwa herufi kubwa mpaka unajisikia raha. Nikapata send-off ya familia ya Kichaga hapa hapa Dar. Ukumbi umejaa, MC anatangaza ndafu inaingia, na wewe kama umeshawahi kupiga shughuli za Wachaga unajua ndafu haiingii kimya kimya, mbuzi mzima kabebwa kavalishwa majani mdomoni, mashangazi nyuma wanacheza, hapo wimbo ndio unabeba shughuli. Nikafungua folda imeandikwa NDAFU, ndani kuna wimbo mmoja tu. Nikabonyeza. Ukaanza vizuri, mashangazi wamepiga hatua kama nne hivi, ghafla linaingia lisauti zito na mwangwi wake linataja jina la dijei mwingine kabisa na namba yake ya simu juu, "kwa shughuli zako zote piga..." Ukumbi mzima. Baba mkwe kageuka kaniangalia. Nikashusha sauti, MC akaokoa kwa kupiga makofi watu wakaimba wenyewe mpaka mbuzi akafika mezani. Hela ya mwisho nililipwa lakini ile kamati sikuwahi kuwaona tena.

Nilivyorudi home nikaanza kusikiliza ile diski sasa, ndio nikagundua kumbe nusu ya nyimbo zimekatwa kwenye miksi za watu, nyingine zimerekodiwa redioni mtangazaji anaongea mwanzoni, na moja iko kwenye folda ya WAZAZI ina matusi ubeti wa pili. Ubeti wa pili! Aliyepanga alisikiliza mwanzo tu akasema hii ya wazazi.

Kwahiyo mimi sikukatazi kununua nyimbo. Nakukataza kununua mpangilio. Nyimbo ni nyimbo, lakini huo mpangilio ni wa mtu aliyepiga shughuli za kwake kwa watu wa kwake, kama alipanga kweli.

Mzee wa Volyumu
Hiyo ni bahati mbaya yako fundi sio kosa la diski. Ungeisikiliza kabla.

Fundi Sauti
Sasa nikishaisikiliza yote kabla si nimeshapanga mwenyewe?

Kipimajoto
Naongezea upande wa mashine maana wengi mnauruka.

Kwanza ubora. Diski nyingi za mtaani faili limeandikwa 320 (kilobiti kwa sekunde, kipimo cha ubora wa sauti) lakini asili yake ni 128 iliyotolewa YouTube ikapanuliwa, na ukipanua hauongezi kitu, unaongeza uzito wa faili tu. Kuna programu ya bure inaitwa Spek, unaburuta wimbo unaingia humo inakuchorea masafa, ukiona mchoro umekatwa kama kwa rula kwenye kilohezi 16 hivi na faili linajiita 320 jua umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwenye spika za sebuleni husikii. Weka kwenye mziki mkubwa na besi za inchi 18 utasikia matoazi yanachakaa kama mtu anakaanga dagaa. Na dogo hizo 600 zako za YouTube nazo zipitishe humo humo usicheke wenzio.

Pili, plelisti ya mtu haihami kirahisi hivyo. Plelisti ndani yake ni orodha ya njia za mafaili, yani wimbo uko diski D folda fulani. Ukichomeka kwako ikasoma E, unafungua plelisti imejaa alama ya mshangao, nyimbo unaziona majina tu. Nimeona dijei analia jasho saa mbili usiku kwa jambo hilo tu.

Tatu, hii ya singeli. Programu nyingi zikipima spidi ya biti zinaweka mipaka, mfano biti 70 mpaka 180 kwa dakika. Singeli ya biti 230 iko nje ya mipaka kwahiyo inasomwa nusu, 115. Sasa jamaa wa diski kapanga folda kwa spidi, amapiano iko 112, na singeli yako feki 115 imekaa hapo hapo jirani. Unachanganya kwa kuamini namba, mashine inakubali kabisa, ukumbi sasa ndio unajua. Watu walikuwa wanateleza taratibu ghafla wanakimbizwa kama Tandale inaungua. Ukipanga mwenyewe utaliona hilo mapema utarekebisha namba kwa mkono.

Asha wa Tabata
Swali la mjinga, kwanini asiweke tu Spotify akaachana na madiski?

Kipimajoto
Sio la kijinga dada. Julai 2020 Spotify ilijitoa kwenye programu za madijei, ikarudi kwenye baadhi mwaka 2025, lakini hiyo huduma yenyewe masharti yake ni kusikiliza binafsi sio kwenye shughuli ya kulipwa. Alafu bando. Unaingia ukumbi wa chini, ukuta mnene, mtandao unasoma E, bibi harusi yuko mlangoni.

MC asiye na jina
Mimi niko upande wa maiki, naomba niseme kidogo maana madijei mnaongea kama vile shughuli ni ya kwenu.

Ratiba ya send-off mnayoiona kwenye karatasi ya kamati haijawahi kufuatwa hata siku moja. Karatasi inasema saa mbili kamili bibi harusi anaingia, saa mbili na nusu bado yuko saluni. Hapo mimi nakugeukia nakwambia dijei nishikilie watu, na sikupi dakika tano za kutafuta, nakupa sekunde. Mjomba kapewa maiki anatoa nasaha robo saa nzima watu wanasinzia, akishuka tu nataka kitu cha kuwaamsha na kitu hicho kiwe cha rika la mjomba maana yeye ndio kasimama katikati ya ukumbi. Shangazi wanaingia na zawadi wanatokea Bukoba, nataka ngoma ya kwao, sio ya Kisukuma, na nimeshafanya kazi na dijei aliyewapigia Wahaya ngoma ya Kigogo kwa sababu folda yake imeandikwa ASILI tu.

Dijei mwenye nyimbo 400 anazozijua namtaka kuliko mwenye 20,000 anazosogeza na mausi huku mimi napiga stori za uongo mbele za watu. Kwahiyo mdogo wangu kabla hujanunua chochote mpigie mwenyekiti wa kamati muulize maswali haya tu: upande wa mama ni watu wa wapi, upande wa baba ni watu wa wapi, wazee ni wengi au vijana ni wengi, na kuna wimbo gani hawautaki. Hilo la mwisho usilisahau, kuna familia wimbo fulani unawakumbusha msiba.

Mwana wa Likoni
Salamu toka Mombasa. Mimi hununua, na sioni haya. Lakini nanunua kwa zile huduma za kulipia kila mwezi ambazo ni za madijei wenyewe, wimbo unakuja msafi una utangulizi wa ngoma tupu mwanzoni na mwishoni wa kuchanganyia, na kuna toleo lisilo na matusi. Hapo nalipia kazi aliyofanya mtu. Shida ni kwamba huko utapata afrobeats na amapiano na dancehall tele, lakini taarab na chakacha hupati, na harusi za huku usiku wa akina mama bila taarab hujafanya kitu. Hizo nilizikusanya mwenyewe moja moja, nyingine toka kanda za mamangu nikazirekodi upya kwenye kompyuta, upande mmoja wa kanda nusu saa na lazima ukae hapo.

Na taarab bwana ina lake. Wimbo mmoja dakika kumi na kitu, akina mama wanatoka kutuza, hukati. Plelisti ya kununua utakuta wimbo umefupishwa dakika tatu ati kwa ajili ya vijana. Ukate wimbo mama yuko katikati na noti mkononi, uone.

Fundi Sauti
Kama kwaito kwetu. Mistari imeshajipanga watu wanageuka pande zote, ukibadilisha wimbo kabla mzunguko haujaisha wanakuzomea mpaka na wapishi.

Sheria Ngumu
Hakuna aliyegusa hili. Diski ya tera moja kwa laki na nusu nani kalipwa humo? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo. Anayeuza anauza jasho la wasanii.

Mzee wa Volyumu
Na zile za YouTube za dogo kalipwa nani mkuu? Na wewe kwenye simu yako zipo ngapi ulizolipia?

Sheria Ngumu
Chache. Sijasema mimi malaika nimesema sheria ipo.

Kipimajoto
Wasanii wengi wachanga wa hapa ukiwaandikia wenyewe ukasema we dijei wanakutumia wimbo bure ukiwa safi kabisa, wanataka upigwe. Mimi singeli zangu nyingi nimezipata hivyo, kutoka kwa prodyuza moja kwa moja, tena na biti tupu kanipa.

Dogo wa Mbagala
Wakuu nimerudi, send-off ilikuwa jumamosi.

Sikununua diski yote. Nilienda Kariakoo nikamwambia yule jamaa anikopie folda mbili tu, zilipendwa na ngoma za makabila, akanifanyia elfu 30. Sheria Ngumu utanisamehe. Zilikuwa nyimbo 700 na kitu. Nikampigia mwenyekiti wa kamati kama MC alivyosema, kumbe upande wa mama ni Wahaya na upande wa baba ni Wandengereko wa Rufiji. Ndengereko kwenye folda hakuna hata moja, yani sifuri. Ikabidi niende kwa bibi mmoja hapa mtaani, mjukuu wake alikuwa na video za ngoma za kijijini kwenye simu, nikatoa sauti humo, haiko vizuri sana ina upepo lakini ipo.

Kila usiku nilikuwa nakaa na hedfoni kuanzia saa nne, nasikiliza mwanzo, katikati, mwisho, na ubeti wa pili 😂. Kwenye zile 700 nimebakiza 140. Nyingine ni wimbo mmoja umeandikwa majina matatu. Mbili zina sauti ya dijei mwingine, nikamkumbuka fundi na mbuzi wake.

Shughuli ilienda. Ile ngoma yenye upepo nilipoipiga wazee wa upande wa baba walinyanyuka kabla MC hajamaliza kuongea, mzee mmoja na mkongojo wake. Singeli nilizirekebisha namba zote ila moja nilisahau, ikanichomoka kidogo saa sita, vijana wakadhani nimefanya makusudi wakashangilia.

Niliposhindwa ni kwa mama mmoja wa makamo alikuja mezani kwangu saa tano akaniomba wimbo wa zamani, jina halijui, bendi haijui, anajua tu walikuwa wanaucheza Morogoro akiwa msichana. Nimetafuta sikuupata. Nikamuomba aniimbie kidogo nikamrekodi kwenye simu, kelele nyingi lakini gitaa kalitoa kwa mdomo vizuri kabisa. Nikiweka hapa kuna mzee anaweza kuutambua? Kaniambia binti yake mwingine anaolewa Desemba.

MC asiye na jina
Weka. Na jina la huyo mwenyekiti wa kamati nitumie pembeni.