Naomba ushauri: igizo la taharuki turushe mubashara au turekodi kwanza?

Mwana wa Jukwaa
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu tuko saba na tuna igizo la nusu saa: mama yuko peke yake, umeme umekatika, na mlangoni anabisha mtu asiyemjua anayemwita kwa jina. Tunataka kulirusha mtandaoni. Mimi nang'ang'ania mubashara, kwa sababu nimeangalia maigizo ya televisheni ya Marekani ya miaka ya 1950 na ile hofu yake imenikaa. Jasho unaloliona usoni ni la kweli. Wenzangu wanne wanataka turekodi, tukate makosa, ndipo turushe. Safari iliyopita mama alitakiwa abadili gauni tuingie asubuhi, tukabaki tunaonyesha kiti kitupu mpaka watu wakaanza kutoka. Nifanyeje? Zimebaki wiki tatu.

Kamera Moja
Pole sana. Mimi nasema rekodini. Tarehe 7 Oktoba 1954 CBS, televisheni ya Marekani, walizindua mfululizo wa maigizo uitwao Climax! kwa igizo la The Long Goodbye, mubashara. Tristram Coffin alikuwa maiti, kafunikwa blanketi. Akadhani kamera imeshamwacha, akainuka akaenda zake, na watazamaji wakamwona. Hao walikuwa na studio kamili.

Bi Mswaki
Kaka, tatizo lenu ni gauni, si kurusha mubashara. Desemba 12, 1954 BBC walirusha Nineteen Eighty-Four kutoka Lime Grove, London, Peter Cushing akiwa mhusika mkuu. Mwongozaji Rudolph Cartier alikuwa amepiga vipande kadhaa kwenye filamu mapema. Kipande kikiwa hewani, waigizaji wanahamia seti nyingine. Hata muziki ulipigwa papo hapo, okestra ikiwa studio nyingine.

Nanyi pigeni mapema sekunde 40 za nje: njia, mbwa anabweka, tochi inasogea dirishani. Mama avae gauni la asubuhi ndani na la usiku juu, lenye zipu mbele. Mtu mmoja kazi yake iwe zipu hiyo tu. Lijaribuni gizani, maana ndivyo itakavyokuwa.

Mwana wa Jukwaa
Dada, hapo umenifungua macho. Je, mtu akiugua katikati?

Mzee wa Mazoezi
Hilo lilitokea, na liliishia vibaya mno. Novemba 30, 1958, ITV Uingereza, igizo la Underground, kuhusu watu walionasa kwenye mahandaki ya treni za London. Gareth Jones, kijana wa miaka 33, alianguka na kufariki akisubiri zamu yake ya kurudi mbele ya kamera. Mwongozaji Ted Kotcheff na wenzake wakagawana maneno yake, igizo likafika mwisho. Mimi ningesimamisha, nakwambia kweli. Nanyi kubalianeni leo ni jambo gani likitokea mnazima. Kwa madogo, kila mtu ajue maneno ya mwenzake.

Bi Mswaki
Nyongeza: rekodini huku mnarusha. The Quatermass Experiment, igizo la BBC la 1953, lilikuwa na sehemu sita, zimebaki mbili za mwanzo tu. Halafu rudieni. Cartier alirudia Nineteen Eighty-Four yote mubashara Desemba 16, na hiyo ya pili ndiyo iliyohifadhiwa.

Mwana wa Jukwaa
Asanteni sana. Fundi ameshachukua gauni la usiku, anahamishia zipu mbele. Wenzangu wawili wamekubali, wawili bado wanasubiri jaribio la Jumamosi. Nitaleta mrejesho.