Jumuiya ya wenye nyumba: tufungue grupu letu wenyewe au tuwaachie wakaazi?

Katibu_Kwa_Lazima
Assalaam alaykum. Nisaidieni jamani, Jumapili tuna kikao na ajenda hii nimetupiwa mie. Jumuiya yetu inataka iwe na grupu lake, na kamati imegawika. Wapo wanaotaka WhatsApp, mmoja kang'ang'ania Telegram, na mwenyekiti anasema karatasi zibandikwe getini kama zamani, basi. Lipi bora? Naomba jawabu ya mkato.

Pweza_Mkavu
Jawabu ya mkato kwa suala la nusu? Nyumba ngapi? Ni fleti, au kila mtu na ua wake? Wanaokaa ni wenyewe au wapangaji? Na sasa hivi mna grupu lolote?

Upepo_wa_Kusi
Na hiyo jumuiya imesajiliwa, au ni watu saba waliokubaliana barazani baada ya Isha?

Katibu_Kwa_Lazima
Hahaha. Nyumba 64, kila mtu na ukuta wake, njia ya kwendea Fumba, hapa Unguja. Kama thuluthi ni wapangaji, na wenye nyumba wengine wako Maskati na Uingereza. Usajili bado, katiba ishaandikwa. Tunachangia mlinzi, taka na pampu ya kisima. Grupu lipo, kalifungua jirani mmoja kwa hiari yake, si mwanakamati.

Pweza_Mkavu
Hilo la mwisho ndilo ulilotakiwa uanze nalo! Kumbe si kufungua grupu, ni kumnyang'anya jirani lake.

Waya_Mmoja
Telegram, hakuna mjadala. WhatsApp kila aliyemo grupuni anaiona namba yako, mpaka mpangaji aliyehamia jana. Telegram unaificha, na mgeni akiingia anaweza kusoma ya nyuma yote, admini akiruhusu. Hamna haja ya kujibu suala moja mara kumi.

Bi_Mlango_Wazi
Mwanangu, Telegram nani anayo? Mama yangu WhatsApp yenyewe hasomi, anasikiliza sauti tu. Mkihamia huko mtabaki vijana watatu mnajadiliana pampu ya wazee.

Mkaazi_wa_Zamani
Nivumilieni, yangu ndefu. Mtaa niliokuwa nikikaa mwanzo, jumuiya ilikuwa na grupu rasmi. Mwaka wa kwanza raha tupu: maji yakikatika tunaambiwa, paka akipotea anapatikana. Siku hiyo saa nne za usiku mshika fedha akatubandikia orodha ya "wadaiwa sugu", majina na namba za nyumba, kwa rangi nyekundu. Na mie nimo. Na mie nilikuwa nishamlipa mkononi, elfu thelathini za miezi mitatu, tulipokutana sokoni Darajani. Kazitia mfukoni, kasema risiti nitakuletea. Nikaandika kwa adabu kwamba nimelipa. Akanijibu kwa kile kidole gumba. Kidole! Mume wangu yuko Dubai na yeye yumo grupuni, kaiona kabla yangu, kapiga simu: pesa za mlinzi umezipeleka wapi? Asubuhi picha ya orodha ishafika kwa wifi yangu Chake Chake, ambaye mtaa wetu haujui hata uliko.

Watu wakamjia juu mshika fedha, akasusa, akajitoa. Na admini ni yeye peke yake. Sasa WhatsApp admini wa pekee akitoka, huteua mwengine yenyewe, haimuulizi mtu. Ikamwangukia bibi mmoja ambaye simu yake inachezewa na mjukuu wa darasa la sita. Kufika Magharibi picha ya jumuiya ni nembo ya Yanga, na wanakamati wawili wa Simba washatolewa. Tulicheka yakhe, lakini hesabu zote za michango zilikuwa mle mle. Mpaka nahama mie bado "sugu".

Upepo_wa_Kusi
Pole dada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo, ungeweza kumbana.

Pweza_Mkavu
Lazima uthibitishe kakusudia. Na utampeleka jirani polisi kwa elfu thelathini, halafu mkutane msikitini?

Waya_Mmoja
Telegram hayo ya mjukuu yasingetokea.

Bi_Mlango_Wazi
Mjukuu ni mjukuu tu, popote.

Ghorofa_ya_Tatu
Mie nimekulia Michenzani. Nyumba za maendeleo, ramani ya Mjerumani wa Mashariki, na grupu letu lilikuwa dirisha. Mtu akiacha bomba wazi anaitwa kwa jina kutoka chini, ghorofa nzima inasikia.

Pweza_Mkavu
Hiyo ndiyo orodha ya wadaiwa sugu kwa sauti.

Upepo_wa_Kusi
Katibu, fleti wana pa kuegemea, Zanzibar ina sheria ya kondominiamu, yaani ya umiliki wa fleti, tangu 2010. Nyinyi wa nyumba za kutawanyika mna katiba yenu tu. Kwa hivyo andikeni mle: admini wasipungue watatu, laini ya simu iwe ya jumuiya, na madeni aambiwe mtu peke yake. Grupu rasmi wafungulie admini tu waandike. Soga mwachieni jirani na grupu lake.

Katibu_Kwa_Lazima
Na chaneli ya WhatsApp je? Nimesikia wafuasi hawaoni namba za wenzao.

Waya_Mmoja
Hawaoni, lakini kiungo kikivuja hata mwizi atajua lini mlinzi yuko likizo.

Ghorofa_ya_Tatu
Hiyo pampu mnaiendesha kwa umeme wa Tukuza, ile mita ya kulipia kabla, au jenereta? Sisi ugomvi wote ulianzia nani anunue umeme.

Katibu_Kwa_Lazima
Usinikumbushe. Tukuza, na jirani huyo huyo ndiye anayenunua, kisha anatudai.

Bi_Mlango_Wazi
Ngoja kwanza. Si yule anayeuza mikate ya ufuta asubuhi? Kama ndiye, mwacheni na grupu lake. Naomba namba.

Katibu_Kwa_Lazima
Ndiye. Na kikao kimeahirishwa, mwenyekiti ana arusi ya mtoto wa dada yake. Tangazo kalibandika getini, nimelikuta lisharowa na mvua, jirani ndiye kalipiga picha akatutumia.

Bi_Mlango_Wazi
Namba ya mikate bado naisubiri.