Ushauri: nimeambiwa nipeleke bei ya kuosha malori 38 ya kampuni, nipange vipi?

Mtoa Vumbi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nina kijiwe cha kuosha magari huku Tabata. Kazi yangu ya kila siku ni gari ndogo, Noah na Coaster za daladala. Wiki iliyopita msimamizi wa magari wa kampuni moja ya usafirishaji alileta gari lake, akaipenda kazi, akaniambia nimpelekee bei ya kuosha malori yao. Wana vichwa 38 na matela yake, vingi vinakwenda Ndola, Zambia na Lubumbashi, Congo. Yadi ipo pembeni ya Barabara ya Mandela na wanataka niwafuate hukohuko.

Nina mashine moja ya presha ya petroli, bar 200, inatoa lita 15 kwa dakika. Vijana ninao wawili wazoefu. TIN na leseni ya biashara ninazo. Kwa sasa wanaoshewa na vijana wa ndoo na brashi kwa 15,000 kwa gari.

Nimewaza niandike 20,000 kwa gari. Magari 38, kila wiki mara moja, inakuja 3,040,000 kwa mwezi. Sijawahi kuandikia kampuni bei, na hii nafasi naitaka kweli. Je, niende kwa bei ya gari au ya mwezi? Na nifanyeje wanichukue mimi wakati wana watu wa 15,000? Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Yadi

Mdogo wangu, hongera kwa kuitwa. Kabla ya bei, rekebisha idadi. Gari linalokwenda Lubumbashi halirudi kila wiki. Kutoka Dar mpaka Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900, halafu kuna foleni ya mpaka, Zambia yote, mpaka wa Congo pale Kasumbalesa, kushusha, kusubiri mzigo wa kurudi. Safari moja kwenda na kurudi hula wiki mbili mpaka tatu, na foleni ikikolea inazidi hapo. Kwa hiyo kila gari litaingia yadini kama mara moja na nusu kwa mwezi. Magari 38 yanakupa miosho 57 hivi, wala si 152 uliyopiga. Ile milioni tatu haipo.

Jambo la pili, hayaji kwa mpangilio. Mpaka ukifunguka yanaingia manane kwa mpigo, halafu unakaa siku nne huoni hata moja. Ukiahidi kuweka vijana yadini kila siku utawalipa wakiwa wamelala chini ya mwembe.

Dada wa Hesabu

Mzee amesema kweli. Kaka, nakupigia gharama ya semi moja, kichwa na tela, kuosha bodi na chasi. Namba za bei ni za kukadiria, weka zako.

Maji: chasi ya semi iliyotoka safari haimalizwi chini ya dakika 40 za presha kufunguka. Dakika 40 kwa lita 15 ni lita 600, na ya kulowesha na kusuuza weka 700. Kama unanunua boza la lita 10,000 kwa 120,000, hapo ni 8,400. Petroli lita moja na nusu, weka 4,500. Sabuni na dawa ya kukata grisi, 4,000. Kuchakaa kwa mashine, yaani pampu, hosi, nozeli na oili, 2,500, na hii usiiache hata kidogo kwa sababu siku pampu ikifa hakuna atakayekuchangia. Vijana wawili kwa 20,000 kila mmoja kwa siku, wakiosha magari matano, ni 8,000 kwa gari. Kirikuu cha kubeba mashine kwenda na kurudi 20,000, ukigawa kwa matano ni 4,000.

Jumla 31,400. Wewe unataka kuwaandikia 20,000.

Sasa angalia siku ambayo yamekuja mawili tu. Posho ya vijana inakuwa 20,000 kwa gari, kirikuu 10,000, na gharama inaruka mpaka 49,400. Bei yako inategemea sana magari mangapi utayakuta ukifika kuliko kitu kingine chochote.

Mtoa Vumbi

Dada asante sana, hapo nimeshtuka. Maji sikuyahesabu kabisa, kwangu natumia kisima. Kule yadini nimeona wana tanki kubwa juu ya mnara, sijauliza ni ya kisima au bomba.

Dada wa Hesabu

Uliza kesho. Wakikupa maji, toa ile 8,400 na gharama kwa magari matano inabaki 23,000. Ukiweka sharti la angalau magari manne kwa kila wito, gharama yako ni 26,000. Mimi ningeandika 42,000 kwa semi nzima pamoja na chasi, na 20,000 kwa bodi peke yake bila kugusa chini. Yakiwa pungufu ya manne, walipe gharama ya wito 20,000 juu ya bei. Bei ya jumla ya mwezi usiwape kwa sasa, hujajua uchafu wao.

Kijana wa Kurasini

Mimi natofautiana. 42,000 dhidi ya 15,000 hawakupi kazi, mkuu. Ingia na 18,000 uchukue nafasi, wakishazoea unapandisha. Biashara ni mguu ndani kwanza.

Msimamizi wa Karakana

Mkuu wa Kurasini, niko upande wa pili wa meza, napokea barua za namna hiyo. Aliyeingia kwa 18,000 akirudi mwezi wa tatu anataka 40,000, mhasibu anamwonyesha mlango. Na hata kabla ya hapo kazi yake huwa imeshashuka, maana ameanza kubana sabuni na kukimbiza vijana.

Mleta uzi, ngoja nikwambie tunachonunua. Gari kung'aa bodi linampendeza tajiri, na ni sawa. Mimi ninataka chasi. Gari likirudi na tope la safari limeganda kwenye springi na vyuma vya kukatiza vya chasi, fundi wangu haoni ufa, haoni sili ya habu (kitovu cha gurudumu) inayovuja, haoni hosi ya upepo iliyochubuka. Likioshwa vizuri chini, kwa tochi ndani ya robo saa anajua nini kifanyike kabla halijapakia tena. Vijana wa ndoo hawafiki huko. Wanaosha kinachoonekana, kisha wanapuliza dizeli au oili chafu kwenye chasi ing'ae. Dizeli inalainisha bushi za mpira na hosi, na ule mng'ao unashika vumbi lote la barabarani.

Kitu kingine: muulize wanabeba nini. Wengi wa njia hiyo wanapandisha salfa ya migodini na kushuka na shaba. Salfa ikibaki kwenye kona za tela na ikapata unyevu, inakula chuma. Ukimwandikia kwamba utasafisha kona na mifereji ya tela kila lirudipo, umezungumza lugha yake. Hiyo 15,000 hataikumbuka.

Nenda umwambie akupe gari moja lililo chafu kuliko yote, uoshe bila malipo. Osha chasi upande mmoja kwanza, umwite mkuu wa karakana alale chini aone pande zote mbili, ndipo umalizie. Usimwite bosi wa ofisini peke yake. Bosi anasaini, lakini anayesema "huyu abaki" ni mtu wa karakana.

Presha ya Mbezi

Naongezea ya ufundi, kwa sababu ukiharibu sensa moja faida ya mwezi imekwenda. Nozeli nyekundu, ile ya nyuzi sifuri, iache nyumbani. Kwenye bodi tumia nyeupe ya nyuzi 40, chasi tumia kijani ya 25. Tairi usilikaribie, acha walau sentimita 30, presha inaweza kuumiza ukuta wa tairi bila wewe kuona. Plagi za umeme na za ABS (breki) kati ya kichwa na tela zizungushie nailoni. Kwenye habu usipige moja kwa moja kwenye sili, maji yakiingia grisi inaharibika. Rejeta ni maji ya taratibu tu, mapezi yake yanalala. Injini ikiwa bado ya moto, subiri.

Ile sahani inayobeba tela, ukiiosha umeitoa grisi yote. Kubaliana na karakana nani anairudishia. Mimi huwa naomba fundi wao apake, na anasaini kwenye karatasi yangu kwamba amepaka.

Na kama wana tenka za mafuta, osha nje tu, tena ikiwa imefungwa vizuri na mashine yako ya petroli ikiwa mbali, upande ambao upepo hauleti mvuke wa tenka. Ndani ya tenka mtu haingii. Mvuke wa petroli unaua, na unawaka. Hata wakikuongezea hela, kataa.

Mzee wa Yadi

Umegusa vyema. Niulize na maji machafu yanakwenda wapi? Mafuta na grisi yakitiririka mpaka mtaro wa barabara, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakipita wanaanza na aliyeshika mashine. Sheria ya Mazingira ya 2004 ipo na inauma. Angalia kama wana shimo la kutenganisha mafuta, lenye vyumba vitatu: mchanga unatua cha kwanza, mafuta yanaelea cha pili, maji yanatoka kwa bomba la chini. Kama hawana, iandikwe kwamba kulijenga na kulitoa uchafu ni jukumu la mwenye yadi.

Mtoa Vumbi

Wakuu nimerudi. Maji ni ya kisima chao, watanipa. Magari wanabeba salfa kweli, na tenka ni nne. Jumamosi naosha moja la mfano, mkuu wa karakana amekubali kuwepo. Nimebadilisha barua kama alivyosema dada: 42,000, bodi 20,000, angalau manne kwa wito. Wanasema wanalipa baada ya siku 30 tangu ankara. Hilo ni la kawaida?

Dada wa Hesabu

La kawaida, na wengi husogea mpaka 45. Jiandae kwa hesabu hii: miosho 57 kwa gharama ya 26,000 ni 1,482,000 kwa mwezi. Ankara ikitoka mwisho wa mwezi na malipo siku 30 baadaye, ni miezi miwili, 2,964,000 inatoka mfukoni mwako kabla hujaona senti. Wakichelewa mpaka siku 45 unahitaji kama 3,705,000 mkononi. Kama huna, omba ankara iwe kila baada ya wiki mbili, au anza na magari 15 tu. Waambie wazi, hakuna aibu.

Kila gari likitoka, karatasi ya nakala mbili: namba ya kichwa, namba ya tela, aina ya kuosha, saa, sahihi ya dereva na ya mlinzi wa geti. Bila sahihi mbili, mwisho wa mwezi mtaanza kubishana ni 57 au 49.

Na watakukata kodi ya zuio 5% kwa sababu ni huduma. Kwenye 2,394,000 ni 119,700, utapokea 2,274,300. Dai cheti cha zuio kila mwezi, hiyo ni kodi iliyolipwa kwa jina lako TRA. VAT usiandike, mauzo yako hayafiki milioni 200 kwa mwaka na hujasajiliwa. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, toa kwa kila malipo.

Kijana wa Kurasini

Nimejifunza, naondoa ushauri wangu wa 18,000. Swali: msimamizi akitaka "chake" kwa kila gari?

Msimamizi wa Karakana

Asiweke kwenye bei. Ukianza kumpa 3,000 kwa gari, siku akihamishwa anayekuja atauliza kwa nini bei ni 42,000 na huna jibu. Mleta uzi, bei yako ina hesabu nyuma yake, mwekee mezani mstari kwa mstari. Ongeza na kifungu kimoja: bei inapitiwa upya kila miezi sita, au petroli ikipanda zaidi ya asilimia 10. Jumamosi nenda na nailoni za kutosha za kufungia plagi.