Besiboli: kama kamera zinaona straiki, kwa nini refa bado anaamua kwa macho?

mzee_wa_Ohio:
Wakuu habarini. Niko huku Marekani mwaka wa tisa, besiboli nimeijulia kwa kijana wangu na saivi imeniingia kwenye damu. Swali langu ni hii ABS, mfumo wa mashine wa kuamua straiki (mrusho uliopita kwenye eneo halali mbele ya mpigaji, zikifika tatu anatoka) na boli (uliopita nje ya hilo eneo), walioanza nayo ligi kuu msimu wa 2026. Kamera 12 za Hawk-Eye zimezunguka uwanja, wale wale wa tenisi, mashine inajua mpira umepita wapi, sasa kwa nini timu inapewa rufaa mbili tu na mingine yote anaachiwa refa? Juzi naangalia, timu imemaliza rufaa zake raundi ya tatu, kufika ya tisa mpigaji anapewa straiki ya tatu mpira uko nje, kile kiboksi cha kwenye tivi kinaonyesha wazi, mechi ikaishia hapo. Imeniuma sana. Kama ukweli upo si uachwe useme?

Kutokea_Tanga:
Mkuu rufaa ukishinda unabaki nayo, inapotea ukishindwa tu, kwa hiyo hao walizichezea wenyewe. Na wanaoruhusiwa ni watatu, mrushaji, mdakaji na mpigaji, anajigonga kofia pale pale, hamna kumuangalia kocha. Walipoijaribu kwenye mechi za maandalizi 2025, rufaa zilizofanikiwa zilizidi nusu kidogo tu, wadakaji ndo walipatia zaidi, warushaji wakawa wa mwisho, na naelewa, mrushaji yuko mita 18 kule anatamani kila mpira wake uwe straiki. Kila rufaa ilikula kama sekunde 14, haichoshi.

SioMshabiki:
Unachotaka wewe Korea Kusini wanacho toka 2024, mashine inaamua kila mrusho, refa anasikia sikioni af anatamka. Aprili mwaka ule ule pale Daegu mashine ikasema straiki refa akatamka boli, timu ilivyokuja kugundua kwenye tableti wakaambiwa wamechelewa, halafu maiki za tivi zikawanasa marefa wakipanga waseme walisikia boli. Waliadhibiwa. Yaani mashine ilikuwa sahihi kabisa, watu ndo wakaharibu.

bi_Sauda:
Mi nauliza, ukweli upi? Sheria kwenye kitabu inasema chini ni pale penye uwazi wa chini ya goti, juu ni katikati ya mabega na mkanda wa suruali, na inategemea mpigaji anavyosimama. Mashine haiangalii hayo, inachukua urefu wa mtu, juu asilimia 53.5, chini asilimia 27, inapima pale mpira unapopita katikati ya besi ya nyumbani, ile anayosimama pembeni yake mpigaji, basi. Mpigaji kama Aaron Judge mwenye kama sm 201, chini kwake ni sm 54, mwenzake Altuve wa sm 168 ni kama 45. Ni haki kwa namna yake na mi naiunga mkono, ila hizo namba wamekaa watu mezani wakazipanga. Mpira unaopinda ukaingia mwishoni tu nyuma ya besi kwenye kitabu ni straiki, kwa mashine ni boli. Ndo maana nataka refa abaki na rufaa ziwepo.

mzee_wa_Ohio:
Asante dada, hilo la kupimia katikati sikulijua. Kinachonisumbua zaidi, kijana wangu ni mdakaji, ana miaka 14, kila jioni tunarushiana nyuma ya nyumba, goti moja chini, mpira unaingia nje kidogo na yeye glavu anairudisha ndani taratibu mpaka unaapa ulikuwa straiki. Miaka mitatu anajifunza hicho. Je kina faida tena?

Kutokea_Tanga:
Kwa rufaa bado kina faida mkuu, rufaa ni mbili tu na mpigaji anaogopa kuzimaliza. Ikija ya Korea ndo kinakufa. Na ligi za umri wake hamna hizo kamera, mwache aendelee, ila amjulie kila mpigaji zoni yake (lile eneo la straiki) inaanzia wapi, maana wa kugonga kofia ni yeye.